Kabla ya Kwenda Yadi, Shuka Kirinyaga Road

Huenda wewe na mwenzako mmekuwa mkiweka akiba katika chama cha ushirika kwa miaka kadhaa, na sasa mnaona wakati umewadia wa kununua gari la familia. Watoto wamekuwa watatu. Nyanya yao huja kukaa nanyi kila anapokuwa na miadi ya daktari. Kigari kidogo mlichoanzia maisha hakitoshi tena, na barabara ya kwenda kwa wakwe haikipendi hata kidogo msimu wa mvua. Mnataka SUV ya wastani, iliyoinuka kutoka ardhini, yenye viti vitano au saba na nafasi ya magunia ya viazi nyuma. Hakuna wa kuwalaumu kwa hilo.

Tatizo ni mahali watu wanapoanzia safari hiyo. Wengi huanzia Ngong Road, ambako magari yamepangwa yakimetameta kama sufuria mpya. Miezi sita baadaye hujikuta Kirinyaga Road, jasho likiwatoka, wameshika mkononi kipande cha chuma kilichovunjika wakiuliza bei ya kingine. Makala haya yanakuomba uigeuze safari hiyo. Anzia Kirinyaga Road. Mahali gari linapouzwa utaambiwa sifa zake, lakini mahali linapotengenezwa utaambiwa tabia yake.

MTAA WA VYUMA

Ukiwa katikati ya jiji la Nairobi, vuka Moi Avenue, uvuke Tom Mboya Street, uteremke hadi River Road. Endelea kuteremka kuelekea Mto Nairobi na utafika Kirinyaga Road. Wazee bado huuita mtaa huu Grogan, kwa sababu hapo awali barabara hii ilikuwa na jina la Ewart Grogan, yule mlowezi wa Kiingereza aliyejulikana kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo, na ambaye alimiliki ardhi ya majimaji kando ya mto huo. Jina lilibadilishwa baada ya uhuru, lakini mafundi hawakusahau. Mtu akikwambia gari lake liko Grogani, usimuulize lina nini. Mpe pole tu.

Ukifika, usishangae kelele. Juu ya milango ya maduka zimening'inizwa bampa na taa za mbele. Ndani, rafu zimejaa beringi, gaskiti, rejeta na shoka za kila umbo. Vijana watakukimbilia: "Kastoma, unatafuta nini? Mdosi, gari gani?" Nusu yao ni madalali ambao hawana duka, watakupeleka kwa mwenye duka kisha waongeze chao juu ya bei. Washukuru kwa heshima na uingie dukani mwenyewe. Siku nzuri ya kwenda ni katikati ya wiki, asubuhi, kabla wateja hawajafurika.

Nenda ukiwa umeandika majina ya magari mawili au matatu unayoyawazia, pamoja na mwaka wake na aina ya injini. Ingia maduka yasiyopungua matatu. Uliza bei ya vitu vitano: breki pedi, shoka za mbele, bushi za mikono ya chini, taa moja ya mbele na giaboksi. Kwa kila kimoja, uliza bei ya kipya halisi cha kampuni, bei ya mtumba uliotolewa katika gari lililokatwa Japani, na bei ya cha kuiga. Utashangaa jinsi bei hizo zinavyoachana. Utagundua pia kwamba magari mawili yaliyo na bei sawa yadini yanaweza kutofautiana mno kwa bei ya taa moja tu.

Angalia pia vile jibu linavyokuja. Muuzaji akinyosha mkono na kukutolea kitu rafuni, hiyo ni habari njema. Akisema, "Rudi kesho, nitakutafutia," hiyo nayo ni habari. Akisema lazima kiagizwe kutoka Dubai au Japani, basi jua kwamba siku gari hilo litakapokwama, litakwama kwa wiki, na watoto watapanda matatu na wewe ukilipa mkopo wa gari lililolala.

Kisha uliza swali ambalo wanunuzi wachache hulifikiria: "Ni kitu gani cha gari hili unachouza sana?" Sikiliza kwa makini. Akisema bushi, linki na breki pedi, usiogope. Hivyo ni viatu vya gari, na barabara zetu humaliza viatu vya kila mtu. Lakini akikuonyesha giaboksi tano zimepangwa ukutani na kusema zitaisha kabla ya mwezi kuisha, jiulize wanunuzi wake ni akina nani. Kweli, gari lililo wengi mjini litauziwa vipuri vingi. Hata hivyo, wingi wa magari huuza bushi, ilhali udhaifu wa magari huuza giaboksi.

MAGONJWA YANAYOJULIKANA

Kila gari lina ugonjwa wake, kama vile kila ukoo ulivyo na wake. Mafundi wa Kirinyaga Road watakutajia bila kusita.

Nissan X-Trail ni gari pana, la starehe, na bei yake huvutia. Nyingi zilizotoka Japani tangu toleo la mwaka 2007 zina gia za otomatiki za aina ya CVT. Gia hizi hazina meno ya kubadilishana kama zile za zamani. Zina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kubana. Adui yake mkubwa ni joto na oili isiyofaa. Mwaka 2009 kampuni ya Nissan yenyewe iliongeza muda wa dhamana ya gia hizi nchini Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000, yaani kilomita zipatazo 193,000, kwa magari yake ya matoleo ya 2003 hadi 2010. Kampuni haiongezi dhamana kwa kupenda. Hii haina maana kwamba X-Trail ni gari baya. Ina maana kwamba lazima ujue historia ya oili yake. Toleo la 2007 hutumia oili iitwayo NS-2, na lile lililofuata mwaka 2013 hutumia NS-3. Fundi akikumiminia oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu ni rahisi, amekuandikia hati ya kununua giaboksi.

Subaru Forester hupanda matope kama mbuzi, kwani magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Forester za kabla ya 2010, ambazo bado zimejaa katika soko la magari yaliyotumika humu nchini, zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Mkanda huo ukikatika safarini, vali hugongana na pistoni, na injini huwa imekwisha. Injini mpya zilizoanza kuingizwa katika Forester mwaka 2010 hutumia mnyororo badala ya mkanda. Zile zenye taabo ni nzuri kwa kijana anayependa mbio, lakini mama na baba wa watoto watatu watalipia mbio hizo kwenye pampu na kwa fundi.

Mazda CX-5, iliyozinduliwa mwaka 2012, ina gia za otomatiki za kawaida zenye hatua sita, na injini yake ya petroli ni ya kuaminika ikipewa oili kwa wakati. Ile ya dizeli ya lita 2.2 ni hadithi nyingine. Inajulikana kwa kujaa masizi, hasa ikitumiwa kwa safari fupi fupi za mjini.

Toyota Harrier ya 2013 hadi 2020 yenye injini ya lita 2.0 isiyo na taabo nayo hutumia CVT, kwa hiyo ushauri wa oili unaihusu vilevile. Faida yake ni kwamba ni ndugu wa karibu wa RAV4, na ndugu wakiwa wengi vipuri navyo hupatikana.

Toyota Prado iko juu kidogo kwa bei, lakini hakuna mji mdogo nchini ambao fundi wake hajawahi kuifungua. Za dizeli za lita 3.0 zina nozeli ambazo zikichoka hugharimu fedha nyingi, na injini yake hutumia mkanda wa taimingi. Mwaka 2015 ilikuja injini mpya ya dizeli ya lita 2.8 yenye mnyororo. Hiyo nayo mara nyingi huwa na chujio la moshi katika ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Ukilitumia gari kuwapeleka watoto shule ya karibu na kurudi tu, chujio huziba. Kwa hivyo, kabla ya kusifu dizeli kwamba hainywi sana, hesabu ni kilomita ngapi utaendesha kwa wiki na kwa mwendo gani.

SASA NENDA NGONG ROAD

Ukiwa na maandishi yako mfukoni, sasa unaweza kwenda yadini. Panda gari la Ngong Road na ushuke popote baada ya Adams Arcade. Sehemu ya barabara hii ilipanuliwa kwa msaada wa serikali ya Japani, na kwa kweli magari mengi utakayoyaona kando yake yametoka huko huko. Kuna sababu. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto. Tena sheria yao hulazimisha gari kufanyiwa ukaguzi mkali uitwao shaken, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gari huingia ukaguzini likiwa na miaka mitatu, mitano, saba. Kila ukaguzi una gharama, na wengi huona heri wauze. Kwetu, kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 hakiruhusu gari lililozidi miaka minane tangu mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Ndiyo maana magari mengi hushuka bandarini Mombasa yakiwa na miaka sita au saba.

Kwa hiyo usidanganyike na neno "jipya". Gari hilo ni jipya kwako tu. Mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi ya mnada wa Japani. Humo gari hupewa alama, na nne au nne na nusu ni alama nzuri. Ukiona herufi R mahali pa alama, gari hilo liligongwa na kutengenezwa. Linganisha kilomita zilizoandikwa humo na zile zilizo kwenye dashibodi. Zisipolingana, aga kwa adabu uondoke. Muuzaji akisema karatasi ilipotea, mwambie utarudi ikipatikana.

Ikiwa gari limeshatumika humu nchini, kuna jambo jingine. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilifurika mitaa mingi ya Nairobi, na magari mengi yalizama. Maji yakishaingia kwenye nyaya, gari huugua polepole kama mtu mwenye malaria ya kujirudia. Inua kapeti. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake utazame kama una alama ya matope. Nusa. Gari lililopuliziwa manukato mengi mno lina jambo linaloficha.

Kisha fanya haya matatu. Kwanza, fika asubuhi na uguse boneti. Ikiwa ina moto, kuna mtu ameliwasha mapema ili usisikie vile linavyokohoa likiwa baridi. Pili, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe kama maziwa ya mgando, huenda maji yamechanganyika na oili. Tatu, omba kuliendesha mpandoni, kwa mfano Waiyaki Way kutoka Kangemi kuelekea Kinoo, dakika zisizopungua ishirini. Giaboksi ya CVT iliyochoka hujificha yadini, lakini ikipata joto mpandoni huanza kutetemeka.

INDUSTRIAL AREA: SHAHIDI WA TATU

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Muuzaji atavutia kwake, na hata fundi wa muuzaji atavutia huko huko. Tafuta fundi wako, umlipe mwenyewe. Chama cha magari cha AA of Kenya hukagua magari na kukadiria thamani yake. Na huko Industrial Area kuna gereji zinazoshughulika na aina moja tu ya gari, ambazo zina mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mashine hiyo itakuonyesha makosa ambayo taa za dashibodi zimezimwa ili zisiyatangaze. Ada ya ukaguzi ni kidogo mno ukiilinganisha na bei ya injini. Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe nje ya yadi yake, amekujibu tayari.

Ikiwa gari limesajiliwa humu nchini, usitoe hata thumuni kabla ya kupekua rekodi zake za NTSA kupitia eCitizen. Hakikisha jina lililo kwenye logibuku ndilo jina la mtu aliye mbele yako, na kwamba hakuna benki au chama kinachodai gari hilo. Wako waliolipa pesa zao zote, kisha wakaamka na kukuta gari limevutwa kwa deni la mtu wasiyemjua.

HESABU YA MEZANI

Sasa rudini nyumbani, mkae mezani baba na mama, na watoto wakubwa nao wasikilize, maana hii ni elimu ambayo hawataipata darasani. Tuseme mna shilingi 2,000,000. Msinunue gari la 2,000,000. Nunueni la 1,800,000, na zile laki mbili ziwekwe kando kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Siku ya kwanza kabisa badilisheni oili ya injini, oili ya giaboksi, maji ya rejeta, oili ya breki, plagi na vichujio vyote, hata kama muuzaji ameapa kwamba amefanya hivyo. Kuanzia hapo mtakuwa na tarehe yenu wenyewe ya kuhesabia.

Nunueni daftari la shule, mliweke ndani ya gari. Kila huduma iandikwe: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei na jina la duka. Oili ya injini, kwa foleni za Nairobi, msiiache ipite kilomita 5,000 ikiwa ni ya kawaida. Oili ya CVT ibadilishwe kila kilomita 40,000 hivi. Daftari hilo litawapa haki ya kumwuliza fundi kwa nini anataka kubadilisha bushi alizobadilisha miezi minne iliyopita. Na siku mtakapouza gari, litaongea badala yenu.

Jambo la mwisho mezani ni mkopo. Ikiwa mtalipa kwa miezi 48, gari hilo lazima liishi zaidi ya miezi 48. Hakuna uchungu kama kukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya gari lililoegeshwa gerejini huku karo ya muhula inangoja. Gari la kuaminika si lile lisiloharibika kamwe, kwani hilo halijaundwa. Ni lile ambalo kuharibika kwake unaweza kukutabiri na kukulipia.

BARABARA YA MOMBASA

Kwa nini tusumbuke hivi kwa ajili ya chuma? Fikiria Desemba. Familia zimefungasha, watoto wamelala kiti cha nyuma, na mbele yenu kuna kilomita zipatazo 480 hadi Mombasa. Mnatoka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kuteremka kupitia Sultan Hamud, Emali, Kibwezi hadi Mtito Andei, ambapo watu hunyoosha miguu na kunywa chai. Kuanzia hapo hadi Voi, barabara hupita kati ya mbuga mbili za Tsavo, ya mashariki na ya magharibi. Malori ni mengi, joto ni kali, na usiku ndovu ndio wenye njia. Kisha mtairudia safari hiyo hiyo mkipanda, injini ikivuta mzigo wote ule saa baada ya saa.

Hapo ndipo gari hufanyiwa mtihani, na hakuna yadi inayoweza kulisaidia kudanganya. Rejeta iliyozibwa kwa gundi, giaboksi iliyotiwa oili ya aina nyingine, mkanda wa taimingi ambao hakuna aliyejua umri wake, vyote hutoa hesabu huko. Anayesimama kando ya barabara gizani na watoto watatu hafikirii tena rangi ya gari wala viti vya ngozi.

Ikiwa bado hamjapata gari mnaloliamini, Madaraka Express imekuwa ikisafirisha watu kati ya Nairobi na Mombasa tangu 2017, na watoto huifurahia sana. Pandeni hiyo Desemba hii bila haya yoyote. Yadi za Ngong Road zitakuwapo Januari, tena wakati huo wanunuzi ni haba na wauzaji ni wapole. Ila kabla ya kuelekea huko, asubuhi moja ya katikati ya wiki, shukeni kwanza Kirinyaga Road na kalamu mkononi.